Niliiacha bunduki ya mashoto dukani Iringa kwa ajili ya baba mkwe

Wakuu, heshima zenu. Kwa mlio wadogo kwangu kiumri, yaani karibu wote humu ndani, marahaba.

Juzi kuna kijana alileta uzi hapa. Yeye ni mashoto, anataka rifle ya bolt ya mkono wa kushoto, ya kupiga long range na kuwinda kwa kibali. Akauliza achague ipi.

Majibu niliyoyasoma yameniuma. Mmoja kamwambia "jifunze kulia kama wenzako, acha kudeka." Mwingine kamuuliza kama na mboga anachovya kwa kushoto. Mkacheka, mkagonga likes.

Basi na mimi nashusha wa kwangu.

Nina miaka tisini na ushee. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, polepole, miwani imefungwa uzi. Nitakayosema ni kweli tupu. Walioyashuhudia wote wameshatangulia, kwa hiyo ningetaka kudanganya ningejipa sifa nzuri kuliko hizi mtakazozisoma.

Nilizaliwa Kilolo, Mhehe wa kwenye baridi. Mashoto tangu tumboni.

Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kaniki kila wakati wa kula, mpaka nikazoea kulia. Hakuwa mkatili, alikuwa ananiokoa. Kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni tusi. Ukimpa mkubwa unatoa kwa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko, ndiyo kazi yake, kushika kiwiko.

Kwa hiyo nikakua na mikono miwili yenye tabia mbili. Wa kulia wa mbele ya watu, wa kusalimia, kulia chakula, kuandika shuleni. Wa kushoto wa porini. Manati, mawe, panga, na baadaye gobore la mjomba, vyote kushoto. Ndege wa Kilolo hawakuwa na ubaguzi, walianguka tu.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nikapata kazi ya askari wa nyama. Siku hizi mnaita game scout. Kazi yetu haikuwa kupiga picha na watalii. Tulikuwa tunalinda mashamba ya watu, tembo, viboko, mbogo, nguruwe.

Mafunzo tulifanyia Iringa. Mwalimu alikuwa sajini mstaafu mwenye sauti ya kuamsha maiti. Siku ya kwanza nikaweka kitako cha bunduki bega la kushoto. Alikuja akakihamisha kwa teke. Sikurudia.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Rifle ya bolt ina kishikio cha chuma pembeni. Ukishapiga unakiinua, unavuta nyuma, ganda linaruka nje, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Kishikio kiko upande wa kulia. Mtu wa kulia anafanya hayo yote shavu lake likiwa limelala kwenye kitako, macho hayajamwacha mnyama.

Mashoto hana bahati hiyo. Akipigia bega la kushoto, kishikio kiko ng'ambo. Inabidi aachie kifyatulio, avushe mkono juu ya bunduki, ainue kichwa. Akirudi kutazama, mnyama keshahama kijiji.

Na akipigia bega la kulia kama nilivyofundishwa mimi, anatumia jicho ambalo si lake.

Hatua hamsini, nilikuwa napata. Mia, nabahatisha. Zaidi ya hapo nilikuwa nautisha upepo. Nikafaulu kwa kudra tu, maana sajini alitupima kwa hatua sitini.

Wakanipeleka Ubaruku, chini ya ofisi ya Mbeya.

Sasa ninyi mnaoijua Ubaruku ya mashine za kukoboa na malori, futeni hiyo kichwani. Majaruba ya mpunga yalikuwa machache, mifereji imechimbwa kwa jembe la mkono, na ukiinua macho ni mbuga, mbuga, mbuga, hadi matete ya mtoni. Kwa mtu wa Kilolo aliyezoea vilima, nilihisi nimevuliwa nguo.

Na ndiyo maana long range ilikuwa lazima. Wanyama wa pale walishajifunza gobore linafika wapi. Wanasimama hatua kumi mbele ya hapo, wanakutazama.

Kulikuwa na mbogo dume, mzee, pembe ya kulia imekatika ncha. Watu walimwita Karani, kwa sababu kila asubuhi alikuja saa ileile kukagua mpunga. Alikuwa ameshamvunja mbavu mama mmoja aliyekwenda kukata matete.

Karani alikuwa kazi yangu. Nilimkosa msimu mzima.

Hapohapo Ubaruku nikaoa. Tatu, binti wa mzee Halfani, Msangu.

Mkwe wangu mzee Halfani nampa aya yake mwenyewe, anastahili. Mfupi, mweusi tii, mguu wa kushoto ulivunjika zamani ukaungwa vibaya, anatembea na fimbo ya mpingo. Mkulima hasa. Alikuwa anaujua mpunga wake shina kwa shina. Mimi sikuwahi kumjua baba, alikufa nikiwa mgongoni, na huyu mzee alinipokea bila kuniuliza nina ng'ombe wangapi. Alizoea kusema kwa watu, "Mkwe wangu ni askari," halafu ananyamaza ili neno liingie vizuri. Msimu mzima namkosa Karani, yeye anasema vilevile.

Nilimpenda mzee yule wakuu. Nasema wazi.

Sasa, siku moja ya kupanda, kabla sijaoa, nilikuwa nimesimama na wanaume wengine kwenye tuta. Kuna mtu akawa anatupa mbegu kwa mkono wa kushoto. Mzee Halfani akacheka, akasema, "Wewe acha, mbegu ya mashoto haioti!"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Moyoni nikajisemea, huyu mzee akinijua, nimekwisha.

Na ndivyo nilivyoishi kwa miaka miwili. Kwa baba mkwe nilikuwa mtu wa kulia, mia kwa mia. Kusalimia kulia, kula kulia, kupanda kulia hadi bega linauma.

Tatu alinijua wiki ya kwanza. Alinikuta napasua kuni. Akasimama mlangoni, akasema "Kumbe!", akaenda zake kupika. Nilimfuata nikamwomba asimwambie baba yake. Tangu siku hiyo tukienda kwao alikuwa ananisogezea kila kitu upande wa kulia, bakuli, maji, mpaka mkeka. Hakuniambia neno. Ndiyo mapenzi hayo, msidanganyike na ya kwenye simu.

Nilijisahau sehemu moja tu. Wakati wa kuvuna, jaruba la mwisho kabisa kule mferejini lilikuwa langu peke yangu. Huko nilikuwa nashika mundu kwa kushoto, navuna huku naimba. Nani atakuona mferejini?

Tuendelee.

Ikaja barua kutoka kwa Bwana Nyama, yule mzungu mkubwa wetu wa Mbeya. Bunduki yangu mtutu wake ulikuwa umekwisha, niende Iringa kwenye duka la bunduki, nichukue nyingine kwa hati ya ofisi. Mwishoni akaandika nichague "itakayokufaa wewe mwenyewe."

Nilishangaa. Bwana Nyama hakuwa mtu wa kumuuliza askari anataka nini. Ulikuwa unapewa, unashukuru. Nikadhani ni adabu za Kiingereza tu.

Nilipomwambia mkwe, akasema, "Nitakusindikiza."

Kwa mguu ule? Akasema anataka kununua blanketi. Nikamwambia baba, nitakuletea. Akasema blanketi mtu anachagua mwenyewe.

Tukapanda lori la mpunga. Dereva akampa mzee nafasi ya mbele, mimi juu ya magunia. Makambako baridi ikanipiga, nikaikumbuka kwetu.

Duka lilikuwa nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa fundi mzee wa Kihindi, fundi Premji, aliyezaliwa hapohapo Iringa. Kihehe chake kilikuwa kinanishinda mimi, kwa sababu mimi Ubaruku nilishaanza kukichanganya na Kisangu. Tulipoingia tu akasema "Kamwene!" akampa mkwe kigoda, akamletea chai.

Halafu akanigeukia. Hakuniuliza nataka bunduki gani. Alisema, "Unganisha viganja, acha tundu dogo katikati. Niangalie pua yangu kwenye tundu, macho yote wazi."

Nikafanya. Akacheka kidogo.

"Jicho lako la kushoto ndilo linaloona. La kulia linasindikiza."

Nilisikia jasho mgongoni, na Iringa ile ya mwezi wa saba. Mkwe alikuwa nyuma yangu anakunywa chai.

Fundi akaweka bunduki mbili juu ya meza.

Ya kwanza mpya, nzuri, inang'aa mafuta, kishikio kulia kama dunia yote.

Ya pili ilikuwa ya zamani kidogo, imetunzwa, mti wake mweusi. Kishikio kilikuwa kushoto.

Wakuu, sikuwahi kujua kama kuna kitu kama hicho duniani. Fundi akasema iliagizwa Ulaya kwa vipimo na mzungu mmoja wa chai ya Mufindi, naye alikuwa mashoto. Alirudi kwao, akaiacha iuzwe. Miaka minne iko pale. Kila mteja anaishika, mkono unatafuta kishikio kulia haukipati, anairudisha mezani. Kuna waliosema ina shetani.

Kijana uliyeuliza swali, soma vizuri hapa, maana specs zako ndizo hizi.

Niliinyanyua. Kitako kilikuwa kimepindishwa kidogo kuelekea nje, upande wa kushoto, shavu langu likakaa lenyewe. Pale pa kuegemea shavu palikuwa upande wa kulia wa mti, upande wangu. Nilifumba macho, nikaiweka begani, nikafumbua, na kile kilengeo cha mbele kilikuwa kimesimama katikati ya cha nyuma bila mimi kukitafuta. Nikavuta bolt. Kiganja kilikwenda chenyewe. Tundu la kutolea ganda lilikuwa kushoto, na fundi akanionyesha kwa nini hilo ni muhimu. Risasi mbovu ikipasuka ndani, moto hutokea kwenye tundu hilo. Mashoto akishika bunduki ya kulia, tundu linatazama uso wake.

Mimi sikuwahi kushika kitu kilichotengenezwa kwa ajili yangu. Kila kitu duniani nilikuwa nimekiazima kwa watu wa kulia. Nilitamani kulia pale dukani.

Nikageuza shingo.

Mkwe alikuwa ameweka kikombe chini. Mikono miwili juu ya fimbo, ananitazama.

Nikaisikia ile sauti ya kwenye tuta. Mbegu ya mashoto haioti.

Nikaishusha. Nikaiweka mezani. Nikachukua ile nyingine.

Fundi alinitazama mimi, akamtazama mkwe, akanitazama tena. "Una uhakika?"

"Hii hapa inanitosha," nikasema.

Mkwe akauliza, "Umechagua, mkwe?"

"Nimechagua, baba."

Akatazama mlangoni muda mrefu. Nilidhani amechoka.

Tukatoka. Tumefika kona, mimi mbele macho chini kwa aibu, akasema amesahau fimbo, akarudi mwenyewe dukani akichechemea. Nilitaka kukimbia kumchukulia, akanikataza akiwa ameshanipa mgongo. Alikaa humo ndani kama robo saa. Nikajua wazee, ataongezewa chai.

Na blanketi hakununua. Haya yote niliyaona, sikuyaelewa. Aibu inapofusha jamani.

Siku ya pili baada ya kurudi, Karani akatokea jioni kwenye mbuga. Hatua kama mia mbili hivi. Bunduki mpya, mtutu safi, sina kisingizio.

Nikalala chini, kitako bega la kulia, jicho la kusindikiza, nikafyatua.

Risasi ilimpata nyuma, kwenye paja.

Kwa mwindaji hakuna aibu inayozidi hiyo. Kukosa ni kukosa. Kujeruhi mbogo na kumwachia watu wa kijiji ni kuacha moto kwenye nyasi. Nilimfuata siku mbili kwenye matete, damu ikakatika, nyayo zikaingia majini. Nikawaambia watu wasiende mtoni. Sikula wala sikulala vizuri, Tatu ananiwekea ugali unapoa.

Asubuhi ya tatu nilikuwa narudi kutoka upande wa mto nikasikia debe.

Msimu huo mpunga ulikuwa umeshika punje, kwelea wamejaa. Mkwe ndiye aliyekuwa anaamia ndege, kwa sababu kukaa juu ya dungu hakuhitaji mguu. Ni jukwaa la miti juu ya nguzo nne, unakaa humo unapiga debe ndege waruke. Sauti ya debe lake ilikuwa ya taratibu, mimi nilikuwa naijua. Asubuhi hiyo ilikuwa inapigwa kwa fujo.

Nikatokeza kwenye tuta kuu.

Karani alikuwa chini ya dungu. Anazungusha kichwa, anapiga nguzo kwa ile pembe nzima. Dungu linacheza, na juu yake mkwe wangu ameshika mti kwa mkono mmoja, kwa mwingine anapiga debe.

Kati yetu palikuwa na majaruba yamejaa maji na tope la magotini. Hatua mia mbili na kitu. Kukimbia, ningefika dungu limelala. Watu waliokuwa karibu walishapanda matuta ya mbali, wanapiga kelele tu.

Nikainua bunduki bega la kulia. Kilengeo kikaelea. Nikaona mbogo wawili, madungu mawili, baba mkwe wawili.

Nikajua nikipiga hivi namuua mzee.

Basi nikaihamishia kushoto, mbele ya Ubaruku nzima.

Nilipiga goti moja kwenye tuta. Kila kitu kikatulia. Mbogo akawa mmoja. Nikasubiri ageuke atoe bega, nikafyatua.

Ilimpata. Niliona vumbi likiruka begani. Lakini mbogo ni mbogo, hakuanguka, akalivamia dungu upya kwa hasira zote. Nguzo moja ikakatika.

Na hapo ndipo nililipia ule uchaguzi wangu wa dukani. Bolt iko kulia. Nikaachia kifyatulio, nikavusha mkono juu, nikavuta, ganda likapita mbele ya pua yangu, kichwa kimeinuka, shabaha imepotea, mikono ina tope inateleza. Nikaanza upya kumtafuta. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Namjua mtu aliyezaa watoto tisa, na bado nasema mimi ndiye niliyesubiri zaidi duniani.

Debe likanyamaza. Mzee alikuwa amelala kifudifudi, dungu limeinama upande.

Risasi ya pili ilipita chini ya sikio. Karani akapiga magoti, halafu akajilaza kwenye mpunga aliokuwa anaukagua.

Nikavuka majaruba. Sijui nilivuka vipi. Nilipofika chini ya dungu nikajikuta nimeshika bunduki kwa mkono wa kushoto, mzee ananitazama kutoka juu. Haraka nikaihamishia kulia. Fikiria akili ya mtu. Mbogo amelala pale ana moto, na mimi naficha mkono.

"Usihamishe," mzee akasema.

Nikasimama kama mti.

"Nipe mkono nishuke."

Nikaegemeza bunduki kwenye nguzo, nikamnyooshea mkono wa kulia, kwa adabu, wa kushoto ukashika kiwiko.

Mzee akautazama ule mkono. Akatikisa kichwa.

"Huo mwingine, mkwe. Huo wenye nguvu."

Nikampa wa kushoto. Akaushika kwa mikono yake miwili, akashuka.

Nililia wakuu. Askari wa serikali na bunduki yake, nikakaa kwenye tope nikalia.

Mzee alikaa kwenye tuta, akanisubiri nimalize. Halafu akaniambia alijua tangu mavuno ya kwanza. Alikwenda kutembelea jaruba la mferejini baada ya mimi kuvuna. Mtu akikata mpunga kwa kulia, mashina yanayobaki yanakatwa mshazari upande mmoja. Yale yangu yalikuwa upande wa pili, jaruba zima. Akasema alisimama pale akacheka peke yake, halafu akalikumbuka lile neno lake la mbegu, kicheko kikakatika.

"Sasa ningekwambiaje?" akasema. "Mkwe hafunuliwi. Kwetu sisi mkwe akijificha, unageuka ukatazame pembeni."

Na hayakuishia hapo. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga alimwambia kwamba Iringa kuna bunduki ya kishikio upande wa pili. Mzee akafunga safari na mguu ule hadi Mbeya, akamwomba Bwana Nyama aniache nichague mwenyewe. Hakumwambia sababu, alisema tu mkwe wake ni mtu wa aibu. Halafu akanisindikiza Iringa. Hakuwa na haja ya blanketi. Alitaka aione siku nitakayoishika.

"Nilikaa pale nakuombea," akasema. "Nikasema chukua, mwanangu, chukua. Ukaniangalia, ukaiweka."

Mnaelewa hapo? Mimi niliiacha kwa sababu yeye yupo. Yeye alikuwepo ili niichukue. Kila mmoja anamheshimu mwenzake, na heshima yenyewe ikabaki kidogo itulaze kaburini.

Jioni Tatu aliposikia alikaa chini akashika tama. Akasema, "Wewe na baba mtakufa kwa adabu." Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akasema baba yake alimwapisha. Na mimi nilikuwa nimemwomba asimwambie baba yake. Maskini mke wangu, miaka miwili amebeba siri ileile pande mbili.

Wiki iliyofuata nikaandika barua Mbeya mwenyewe, bila kuzunguka. Bwana Nyama akajibu mstari mmoja, kabadilishe.

Nikaenda Iringa nikiwa na hofu bunduki imeshauzwa. Fundi Premji aliponiona akainama chini ya meza, akatoa kitu kimefungwa gunia.

"Mzee alirudi siku ile kusema ameacha fimbo," akasema. "Fimbo alikuwa nayo mkononi. Aliniomba nisimwuzie mtu mpaka ujitambue. Nimekaa nayo hapa. Umechelewa kidogo."

Bunduki hiyo nilifanya nayo kazi miaka kumi na saba. Hatua mia mbili, mia tatu, ilikuwa kama kunyoosha kidole. Nilipostaafu niliirudisha ofisini, nikasikia baridi kiganjani wiki nzima.

Lakini siyo bunduki ninayoikumbuka zaidi.

Msimu wa kupanda uliofuata, tulikuwa wote kwenye tuta, wanaume wa Ubaruku wale wale. Mzee Halfani akaninyooshea kikapu cha mbegu. Akanipa kwa mkono wake wa kushoto, mbele za watu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu kitu kwa mkono huo. Watu wakatazamana.

"Tupa," akaniambia. "Na mkono wako."

Nikatupa. Baada ya siku kadhaa alinijia nyumbani asubuhi, anachechemea, anacheka na fimbo yake, anasema twende ukaone. Jaruba lilikuwa limeota lote.

Alifariki miaka mingi baadaye, amelala, nyumbani kwake. Zamu yangu ya kutia udongo ilipofika nilitia kwa kushoto. Hakuna aliyeshangaa, walishanizoea.

Sasa kijana, jibu lako. Nunua ya kushoto. Usiyumbe. Usinunue ya kulia eti kwa sababu zimejaa dukani, na usinunue ya kushoto kwa picha, nenda uinyanyue. Jua kwanza jicho lako ni lipi. Fumba macho, iweke begani, fumbua. Kama inabidi uitafute shabaha, siyo yako. Angalia kitako kimeinamia wapi na ganda linatokea wapi. Scope na mengine utaelekezwa na wajuzi wa siku hizi, mimi nililenga kwa chuma tupu.

Na ukiwa dukani usigeuke nyuma kutazama uso wa mtu. Pengine anayekutazama ndiye aliyekusafirisha mpaka hapo.

Mliomcheka kijana wa watu nimewasamehe, mimi mwenyewe nilicheka kwenye tuta kuliko wote.

Nawakaribisha mseme lenu, hata la kunipinga, macho bado yanasoma. Na mashoto mliojificha humu, jitokezeni tusalimiane. Nipeni mkono.

Huo mwingine.